Fundi makochi wa Gisozi na dawa ya 'kila saa sita'

Saa sita kamili mchana, simu ya Évode Munyakazi inalia ndani ya kochi. Ameisahau tena chini ya sponji. Anapapasa huku, anapapasa kule, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na simu inaendelea kulia.

"Saa Sita!" anapaza sauti seremala wa meza ya jirani. "Saa Sita, dawa!"

"Kunywa haraka, moyo isisimame, tutakosa wa kutuazima gundi!" anadakia mwingine, na kicheko kinazunguka banda zima hapa Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, jijini Kigali.

Munyakazi hajali. Anaipata simu, anaizima, anatoa pakiti mfukoni, anatia kinywani vidonge viwili vya amoksilini na kuvisukuma kwa maji. Kisha anachukua penseli ya kupimia mbao na kuweka alama kwenye kadi iliyopigiliwa ukutani. Kadi ina mistari ishirini na tisa, na kila mstari una vyumba vinne. Penseli imefika mstari wa mwisho.

"Leo ninamaliza," anasema. "Kesho daktari anatazama moyo. Kama iko sawa, nimetoka."

Ana miaka arobaini na mitatu, ni baba wa watoto wawili, anaishi Batsinda, na ametengeneza makochi kwa miaka kumi na tisa. Kiswahili chake ni cha Kigali, chenye 'iko' nyingi, alichokiokota kwa wateja Wakongomani. Anajivunia Kiswahili hicho kama mwingine anavyojivunia gari. Ndicho pia kilichokaribia kumrudisha kitandani hospitali.

Ugonjwa wake ni maambukizi ya bakteria kwenye vali ya moyo. Vali ni kama mlango: hufunguka damu ipite, kisha hufunga isirudi. Bakteria wakikaa pale hujenga kiota na kuutafuna mlango. Usipotibiwa, unakufa. Hakuna namna laini ya kulisema hilo.

Wake ulianza kama homa. Jioni anatetemeka, asubuhi yuko kazini. Akanunua dawa ya malaria bila kupima. Homa ikapoa, ikarudi. Akanunua tena. Wiki sita zikapita hivyo, na uzito wake ukashuka kutoka kilo sitini na nane hadi hamsini na saba.

"Nilimwambia nenda ukapime, akasema amechoka tu," anasema mkewe, Mukeshimana, ambaye anauza mboga karibu na nyumbani kwao. "Suruali inamvuka kiunoni, na yeye anasema amechoka tu! Siku aliposhindwa kupanda ngazi tatu za mlango wetu, nilimpakia kwenye pikipiki mimi mwenyewe, nikapanda ya pili nyuma yake."

Hospitali walichukua damu mara tatu, wakaotesha bakteria, wakautazama moyo kwa mashine. Kiota kilionekana. Daktari wake, Kanyange, mwanamke mfupi anayetembea upesi, alimjia na mambo mawili ambayo Munyakazi hakuyatarajia. La kwanza: utotoni uliwahi kuvimba magoti baada ya kuumwa koo? Aliwahi, akiwa darasa la tatu. Ugonjwa ule wa koo uliiumiza vali tangu siku hizo na hakuna aliyejua. La pili: fungua mdomo.

"Akaona magego mawili yameoza," Munyakazi anasimulia. "Akauliza, hivi vidonda vya fizi ni vya nini? Nikamwambia, daktari, hapo ndipo ninapoweka misumari."

Ni kweli. Mafundi makochi wa zamani hujaza kinywa misumari midogo, wakaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi midomoni, mkono ukauchukua na nyundo ikagonga. Kazi inakwenda mbio. Daktari Kanyange haitupii misumari lawama zote.

"Bakteria walitoka kinywani, hilo damu imetuonyesha," anasema. "Lakini mlango waliopitia ni meno mabovu na fizi zinazotoka damu. Misumari ilisaidia kuuacha wazi. Mwenye meno safi na vali nzima angeweza kupigilia makochi maisha yake yote asiugue hivi."

Matibabu ni wiki sita za dawa ya mshipani, mgonjwa amelala wodini. Munyakazi alipoambiwa hivyo, hakuuliza kuhusu moyo. Aliuliza kuhusu meza.

Katika koperative yao, yaani ushirika wa mafundi, kila mwanachama ana meza yake na nafasi yake bandani, na kila asubuhi husaini daftari. Anayekosa kusaini siku thelathini mfululizo, meza yake huenda kwa anayefuata kwenye foleni. Foleni hiyo ina watu sitini na mmoja.

"Kanuni tuliiweka sisi wenyewe," anasema perezida, yaani mwenyekiti, wa koperative, Silvère, fundi wa vitanda mwenye sauti nzito. "Watu walikuwa wanachukua meza halafu wanaikodisha na kwenda zao. Hatukufikiria mgonjwa. Lakini kanuni ni kanuni, nikimwachia rafiki yangu leo, kesho nimwachie nani?"

Munyakazi alikuwa ameshalala nyumbani siku nne. Ukiongeza wiki sita za wodini, ni siku arobaini na sita. Meza ingekwenda.

"Bila meza mimi ni kibarua," anasema. "Ninabeba sponji ya watu wengine. Nimewahi kuwa kibarua miaka saba. Sirudi."

Siku ya kumi na tatu wodini, Daktari Kanyange alikuja na habari ambayo Munyakazi hakuitegemea. Homa ilikuwa imekwisha, damu ilikuwa safi, kiota kilikuwa kimenywea na vali haikuwa imeharibika zaidi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, alisema, madaktari wa nchi kadhaa wamekwisha kuona kwamba siku zilizobaki zinaweza kumalizwa kwa vidonge, nyumbani, mradi avimeze kwa saa zake na aje kupimwa mara mbili kwa wiki.

Hapa isomwe vizuri. Si kila mwenye ugonjwa huu anafaa kwa vidonge. Huanza kwa mshipa, daktari akapima, akaamua. Anayesoma hapa na kwenda kujinunulia amoksilini dukani anajichimbia kaburi.

Munyakazi alifaa. Akapewa karatasi ya kutoka na kuelekezwa kwenye dirisha la dawa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Dirishani alikuwapo Eustadia, mfamasia kutoka Karagwe, Tanzania, aliyeolewa Kigali miaka mitatu iliyopita.

"Nilimwambia, kaka, ngoja nimwite mwenzangu akueleze kwa Kinyarwanda," Eustadia anakumbuka. "Akanikata. Akasema, 'Dada, mimi Kiswahili ninakijua kuliko wewe unavyokijua Kinyarwanda.' Sasa ningesema nini? Kinyarwanda changu ni cha kununulia nyanya."

Akamwelekeza kwa Kiswahili, na kwa kalamu ya wino mzito akaandika juu ya pakiti. Kwenye amoksilini: viwili kila saa sita. Kwenye rifampisini, ile nyekundu: viwili kila saa kumi na mbili. Mtanzania yeyote angesoma hapo kwamba baada ya kumeza unahesabu saa sita, unameza tena. Mara nne kwa siku.

Munyakazi si Mtanzania. Kinyarwanda kimeazima saa za Kiswahili kwa jambo moja tu, kutaja wakati. Saa sita ni saa sita: jua la utosi au katikati ya usiku. Muda wa kuhesabu una maneno yake mengine, *amasaha atandatu*, na hayo hayakuandikwa popote. Kwa hiyo alisoma kila saa sita, na kila ilipofika saa sita, alimeza. Mchana mara moja, usiku mara moja. Nusu ya dozi.

"Na ile nyekundu, kila saa kumi na mbili?" anauliza mwenyewe, akijibu mwenyewe. "Asubuhi saa kumi na mbili, jioni saa kumi na mbili. Nikameza. Hiyo ilikuwa sawa kabisa! Ndiyo maana sikushtuka. Nilijiona msomi."

Kwa bahati mbaya hiyo dawa nyekundu ililifunika kosa lake. Rifampisini hubadilisha mkojo na jasho vikawa vya rangi ya chungwa. Eustadia alimwonya, lakini Munyakazi hakumwambia mkewe. Asubuhi ya kwanza Mukeshimana aliinua mto akaona foronya nyeupe ina madoa.

"*Mana yanjye*, nikajua mtu anatoka damu!" anasema, akimwita Mungu wake hata sasa. "Nikapiga kelele, majirani wakaja. Yeye amekaa kitandani anacheka. Eti, 'Mama watoto, hiyo ni dawa inafanya kazi.' Nilitaka kumpiga na huo mto."

Kwa hiyo kila mtu aliamini dawa inafanya kazi. Mkojo ulisema hivyo. Foronya ilisema hivyo.

Siku ya tatu alirudi hospitali kupimwa. Utaratibu wa Eustadia ni kwamba mgonjwa aje na pakiti zake, amimine vidonge kwenye sinia, vihesabiwe mbele yake. Alikuwa amempa vidonge vya amoksilini hamsini na sita. Kwa siku tatu vilipaswa kwisha ishirini na vinne. Vilikuwa vimekwisha kumi na viwili.

"Nikahesabu tena," anasema Eustadia. "Nikamwuliza, kaka Munyakazi, hivi vingine umeviokota wapi? Akasema, 'Ni vyako hivyo.' Nikamwuliza, unavinywaje? Akasema kwa kujiamini kabisa, 'Kila saa sita, kama ulivyoandika. Hata usiku ninaamka!' Nikavuta kiti. Nilijua hapo hapo."

"Aliniambia nikae," anasema Munyakazi. "Kumbe aliyetaka kukaa ni yeye."

Daktari Kanyange aliitwa. Hakupiga kelele, na Munyakazi anasema afadhali angepiga. Alisikiliza moyo, akapima homa, akaamuru damu ichukuliwe tena mara tatu. Kisha akamweleza bila kuzungusha. Siku hizo tatu hazihesabiwi. Dozi kamili inaanza leo, siku ishirini na tisa. Damu itaoteshwa siku tano. Bakteria wakionekana, anarudi wodini, anaanza wiki sita za mshipa kutoka sifuri, na wakiwa wameigusa vali zaidi, mazungumzo yatakuwa ya upasuaji.

"Nilimuuliza, na meza?" anasema Munyakazi. "Akaniambia, 'Munyakazi, meza bila moyo utaisainia nani?'"

Kosa lilikuwa la nani? Munyakazi anasema ni lake, kwa sababu ya majivuno yake. Eustadia anasema lake, kwa kuandika alivyozoea kwao. Daktari anasema la wote watatu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, jambo linalochukua nusu dakika. Daktari ndiye aliye karibu na ukweli.

Eustadia hakuishia kuomba radhi. Alimketisha Munyakazi mbele yake, akachukua kadi ngumu, akachora mistari ishirini na tisa yenye vyumba vinne, na juu ya kila chumba akaandika wakati wenyewe: kumi na mbili asubuhi, sita mchana, kumi na mbili jioni, sita usiku. Kisha akamwambia asome kwa sauti. Munyakazi akasoma. Akamwambia asome tena kwa Kinyarwanda, na safari hii akamwita mwenzake asikilize.

"Tangu siku hiyo siandiki tena 'kila saa sita' hapa Kigali," anasema. "Kwetu ni sawa. Hapa ni mtego. Na mgonjwa akinijia na Kiswahili chake kizuri, ndiyo kwanza namwambia arudie."

Siku tano za kungoja zilikuwa ndefu. Mukeshimana aliacha kuuza mboga mchana ili amwone akimeza. Mtoto wa kwanza, Uwera, mwenye miaka kumi na miwili, aliweka kengele nne kwenye simu ya baba yake na kumkataza kuzigusa. Munyakazi alikaa mlangoni akihesabu kitu kimoja: tangu asaini daftari mara ya mwisho, ya ishirini na moja imepita, ya ishirini na mbili imepita, ya ishirini na tatu.

Silvère alikuja kumtazama, akaleta sukari na majani ya chai. Hakutaja meza. Munyakazi naye hakuitaja.

"Tulizungumza mpira saa nzima," anasema Silvère. "Mimi sifuatilii mpira."

Siku ya ishirini na tano simu ililia na haikuwa kengele. Daktari Kanyange alisema maneno machache: damu haikuotesha kitu, endelea hivyo hivyo, unaweza kukaa kazini saa mbili kwa siku, usinyanyue chochote kizito kuliko mto wa kochi.

Kesho yake asubuhi Munyakazi alifika bandani na kusaini daftari. Zilikuwa zimebaki siku nne. Anasema jina lilitoka kama la mtoto wa chekechea, na karani akamtania kwamba saini hiyo si yake, alete kitambulisho.

Tangu hapo amekuwa fundi wa kukaa. Hanyanyui fremu, havuti mkanda wa springi. Anashona mito na kufunga vifungo, na misumari anaiweka kwenye kifuniko cha mkebe mbele yake. Mafundi wengine wanamcheka kwamba amekuwa wa polepole kama mgeni wa kazi. Wawili kati yao, hata hivyo, nao wametafuta mikebe. Pato lake kwa wiki limeshuka hadi kama theluthi ya lilivyokuwa, na mboga za Mukeshimana ndizo zinazobeba nyumba.

"Hilo nalibeba," anasema mkewe. "Mtu anakula, analala, anapanda ngazi. Mpaka anaanza kunisumbua kuhusu chumvi. Niseme nini zaidi?"

Ijumaa asubuhi wanafika hospitali wote wawili. Munyakazi amevaa shati la Jumapili. Analala ubavu, daktari anapitisha kifaa kifuani pake, na kwenye kioo cha mashine vali inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga. Mukeshimana anaangalia uso wa daktari badala ya kioo.

"Kiota hakipo," anasema Daktari Kanyange hatimaye. "Vali inavuja kidogo, kama ilivyokuwa inavuja tangu utotoni. Homa hakuna, damu ni safi. Dawa zimekwisha."

Munyakazi anabaki amelala. Daktari anamwambia anaweza kuvaa shati. Bado haamki, na Mukeshimana ndiye anayemvuta mkono, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Haijaisha moja kwa moja, na daktari anahakikisha wanalielewa hilo. Atapimwa tena mwezi ujao, kisha mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Kila wiki nne atachomwa sindano ya kukinga ule ugonjwa wa koo, usiidhuru vali tena. Magego mawili yatang'olewa, naye atapewa dawa kabla ya kung'olewa. Homa yoyote, anakuja kupima damu kwanza, dukani haendi. Daktari anamwambia arudie. Anarudia yote, kwa Kinyarwanda, akihesabu kwa vidole, na anakosea sindano tu, ambayo mkewe anaisahihisha.

Kwenye dirisha la dawa Eustadia anatoka nje kabisa kumpa mkono.

"Kaka Munyakazi, hongera."

"Dada, asante. Na kochi ya nyumbani kwako ikichakaa, mimi niko."

"Nitakuandikia siku ya kuja kuichukua," Eustadia anasema, "na mke wako asome."

Nje, wakingoja pikipiki, Munyakazi anaeleza kinachomkaa kichwani sasa. Kesho Jumamosi koperative ina mkutano mkuu, na ameomba nafasi ya kusema. Anataka kanuni ya siku thelathini iongezwe mstari mmoja: mwenye karatasi ya daktari asubiriwe siku tisini. Silvère amemruhusu kusema dakika mbili, bila kumwahidi chochote.

"Yeye ameshaniambia akipiga kura hatanitazama usoni," Munyakazi anasema. "Ni sawa. Hiyo ni haki."

Mukeshimana anamtaka ajaribu maneno yake hapo hapo, barabarani. Munyakazi anajiweka sawa, anakohoa kidogo.

"Nitasema hivi. Mimi nimebaki na meza kwa sababu ugonjwa yangu ilikubali vidonge. Zilibaki siku nne tu. Wewe kesho utaugua ingine, itakataa vidonge, itataka kitanda. Usilazimike kutoroka hospitali ili usaini daftari. Basi. Nitakaa chini."

"Na waseme nini?" Mukeshimana anamuuliza.

"Waseme ndiyo."

Koperative ina wanachama themanini na wanne, hivyo kura zinazohitajika ni arobaini na tatu. Tangu Jumatatu amepita meza kwa meza, akikaa kwenye kila kiti alichokaribishwa, na thelathini wamempa neno lao, yeye mwenyewe akiwa wa thelathini na moja. Pikipiki ya kwanza inasimama mbele yao. Munyakazi anamsaidia mkewe kupanda, anamwambia atangulie.

"Bado kumi na wawili," anasema, na anageuka kuelekea Gisozi kwa miguu, polepole, kama alivyoagizwa.